Kifungo cha Nje

Mtaani walimwita Mkasi, kwa sababu mkasi wake haukubanduka shingoni hata akienda sokoni. Alikuwa fundi cherehani wa sare za wauguzi na wapishi, na bibi yake aliyemlea ndiye aliyemtengea vifungo. Basi kiwanda kimoja cha nchi ya mbali kikataka kumpa uwakala wa vitambaa vyake, kwa sharti moja tu: aje mwenyewe kutia sahihi kabla mwezi haujaisha. Asipofika, uwakala apewe mwingine.

Fomu ya viza aliijazia juu ya meza ya kukatia. Alikwenda vizuri mpaka swali la kumi na nne: Je, umewahi kutumikia kifungo?

Kalamu ikaganda. Ujanani aliwahi kununua majora mawili kwa bei ya kutupa, wala hakuuliza yalikotoka. Kumbe ya wizi. Hakimu akampa kifungo cha nje, miezi sita ya kufagia ua wa mahakama.

"Bibi, hapa niandike nini?"

"Kitendawili," bibi akasema, mikono ingali ndani ya kopo la vifungo.

"Bibi, saa hizi?"

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Mlinzi wangu ana macho manne, wala haoni."

"Kifungo. Kila siku ni hicho hicho."

"Na kifungo kisichoingia tunduni kimefunga nini? Ulikuwa unafagia, unarudi, unakula kwangu, unalala kwangu. Waliofungwa nawajua mimi, babu yako alikuwa mmoja wao. Wewe hukufungwa, mjukuu wangu. Andika hapana."

Mkasi akacheka, moyo ukatulia. Akaandika hapana, akaipeleka fomu ubalozini pamoja na bahasha aliyopewa na polisi, iliyotiwa lakiri.

Wiki mbili baadaye akaitwa. Afisa, kijana wa kumzaa, alikaa nyuma ya kioo na kusemea kitunduni. Mbele yake palikuwa na ile bahasha ya polisi, lakiri imepasuliwa.

"Mama, bahasha hii uliileta mwenyewe?"

"Niliileta, baba. Ilikuwa imefungwa, sikujua ina nini."

"Ina kifungo cha nje, miezi sita. Na wewe umeandika hapana."

"Nililala nyumbani siku zote, mwanangu."

"Cha nje, cha ndani, vyote vifungo." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. "Kosa lenyewe ni la miaka kumi na tisa iliyopita. Ungeandika ndiyo, tungekuuliza mawili matatu, ukaenda zako. Tunachokukatalia ni huu uongo."

"Nikiomba tena?"

"Baada ya miaka mitano."

Pasipoti ikasukumwa chini ya kioo, nyepesi kama ilivyoingia.

Nyumbani alimkuta bibi kizingitini, amevaa kanga mpya ya kumpokelea habari.

"Wamekupa?"

Mkasi akatazama ile mikono iliyopinda kwa baridi yabisi. Aseme nini? Kwamba ni yeye aliyemponza?

"Kiwanda kimeahirisha, Bibi. Mpaka watakaponiita."

"Si neno. Mnyonge hana haraka." Bibi akaingia ndani, akatoa nakala ya fomu, akaikunja mara nne na kuishindilia ndani ya kopo, katikati ya vifungo. "Tuitunze hii. Wakikuita tena, tusije tukasahau tulivyojibu."

Mkasi akaketi, akaanza kukanyaga cherehani, sindano ikipanda na kushuka bila uzi.