Santuri Iliyozika Wapigaji Wake

Nyumbani kwa mpiga gitaa la besi kulikuwa na amri moja: mtu asiyejua kunyamaza asiingie sebuleni santuri inapozunguka. Bendi yake ilikuwa imevunjika zamani, lakini mtaa mzima bado ulimwita Besi. Mkewe, aliyeimba sauti ya juu katika bendi hiyo hiyo, walimwita Chiriku, kwa wembamba wa koo lake na pia, walisema wenye midomo, kwa sababu maneno hayakumwisha.

"Wimbo haumezwi mzima mzima kama kidonge," Besi alizoea kumwambia fundi cherehani wa nyumba ya pili, mama aliyekuja Jumamosi na mashati ya kushonea vifungo mapajani. "Ingia ndani yake, jirani. Mwache mwimbaji apite. Sasa, nyuma yake nani anakuna?"

"Gitaa."

"Magitaa mangapi?"

"Mzee Besi, nahesabu vifungo hapa, nawe waniongezea magitaa!"

"Mawili. La solo linaringa, la ridhimu ndilo linalopika. Na chini yao yupo nani?"

"Wewe," alijibu Chiriku kutoka jikoni. "Jirani, mwambie upesi kwamba ni yeye, apate usingizi leo."

Wimbo alioupenda kupita zote waliurekodi alasiri moja, wote wakiwa wamezunguka kipaza sauti kimoja kama watu wanaoota moto. Ulianza kwa manyanga peke yake, mfano wa mchanga unaomwagwa juu ya karatasi. Kisha matoazi ya mpiga dramu yakanyunyiza shaba yake, tumba zikaitikia, gitaa la solo likashuka ngazi kwa madaha, na besi ikaja chini ya vyote ikavibeba. Mwimbaji mwanamume aliuliza swali lake kwa sauti ya chini, bila haraka. Kiitikio kilipofika, Chiriku aliishika irabu ya mwisho akaipandisha, akaipandisha tena, hata msikilizaji akashikilia kiti akidhani sasa itakatika. Haikukatika. Besi alikuwa mume wa mwanamke huyo na baba wa binti yake, na bado mahali hapo palimtoa machozi.

Habari za kifo cha mpiga dramu ziliwafikia baada ya mazishi. Besi akaitoa santuri katika jalada lake, akaifuta, akaiweka kwa heshima ya marehemu. Alipofika mahali pa matoazi, matoazi hayakuwamo. Dramu kubwa ilikuwapo, tumba zilikuwapo, ila ile shaba iliyokuwa ikinyunyizwa juu yake ilikuwa imeondoka kabisa.

"Sindano imechakaa," alisema.

Akanunua nyingine, na matoazi hayakurudi.

Kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, mpiga manyanga naye akafariki. Safari hii Besi aliinama karibu na spika kabla hajateremsha sindano. Santuri ikazunguka, na mwanzo wa wimbo ukawa kimya kitupu, mpaka tumba zilipoingia ghafla kama wageni wasiobisha hodi.

Hakumwuliza mtu. Mwalimu hamwulizi mwanafunzi jibu la hesabu aliyoiandika mwenyewe ubaoni. Masikio yake aliyapima kwa kipimo alichokiamini, yaani besi yake mwenyewe, nayo ilikuwa pale pale, nzito, timamu, kila pigo mahali pake. Mtu asikiaye besi namna hii, alijiambia, ana ugonjwa gani wa masikio?

Hapo ndipo alipopotea, kwa maana kiburi cha mtu hujenga penye kipaji chake. Uzee hauingii sikioni kwa mlango wa chini. Huanzia darini, ukachukua kimoja kimoja vilivyo vyembamba, na vile vizito ukaviacha mpaka mwisho. Besi hakulijua hilo. Alishika tafsiri nyingine, akaifungia moyoni kama mtu afichaye nyoka ndani ya sanduku la nguo: santuri ilikuwa ikizika watu wake. Kila aliyeingia kaburini alirudi kuchukua chombo chake.

Je, mle ndani alibaki nani mwenye sauti nyembamba?

Alikisikiliza kiitikio kwa macho yaliyofumbwa. Sauti ya Chiriku ilikuwapo, lakini mbali, kama ya mtu anayeimba nyuma ya ukuta.

Tangu siku hiyo akaanza kumlinda mkewe. Alimnyang'anya ndoo za maji. Alimfuata sokoni kama askari anayesindikiza mahabusu. Mkewe alipolala mchana, alimwamsha ili ajue kwamba bado anaamka.

"Baba watoto," alilalamika Chiriku, "ujanani hukunipenda hivi. Mapenzi ya namna hii uzeeni ni dalili mbaya. Umeoa pengine nini?"

Asubuhi moja alimwita akiwa sebuleni, naye akajibu kutoka uani, "Nafua!"

Besi alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni. "Unaugua? Unaugua nini? Tangu lini?"

Chiriku alisimama na povu mpaka viwikoni, akacheka hata akaketi juu ya ukingo wa karo. "Nafua, bwana wewe! Nafua mashuka! Siugui kitu. Jirani, njoo umwone mume wangu, ameshaanza kunichimbia kaburi!"

Fundi cherehani alicheka upande wa pili wa ukuta. Besi hakucheka.

Binti yao alikuwa muuguzi. Alipokuja kuwasalimu, alimtazama baba yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alisema naye akiwa mbele yake, kisha akaenda akasema naye kutoka mgongoni. Mara ya pili hakujibiwa.

"Baba," alisema alipomrudia usoni, "twende ukapimwe masikio. Hata chai haitapoa."

"Masikio haya?" Besi alijigusa. "Masikio haya yalisikia waya mmoja uliolegea katikati ya ukumbi wa watu wanaocheza! Kapime ya hao vijana wenu wanaofunga spika kwenye pikipiki."

"Besi unaisikia, baba, najua. Ila vile vyembamba..."

"Sijaugua."

"Mwache, mwanangu," alisema Chiriku akiwa amewapa mgongo, akimimina chai. "Sikio la kufa halisikii dawa."

Binti alicheka bila kupenda. Besi naye alicheka, kwa kuwa aliwaona wanacheka.

Angeweza kuwaambia siku ile hofu yake, nao wangemweleza palepale kwamba manyanga yanasikika mpaka barabarani. Hakuwaambia. Aliona kwamba jambo lililokwisha kutamkwa hufika upesi zaidi.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Chiriku aliazimu kushusha mapazia ya chumbani ili ayafue. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, nyuma ya kiti cha mumewe. Besi alikuwa ameinama juu ya santuri na kitambaa chake.

"Baba watoto, njoo unishikie stuli, nisije nikavunjika shingo."

Sauti ilimfikia kama uvumi, bila maneno. Besi akatikisa kichwa kukubali, kama alivyojizoesha kufanya siku hizi kwa kila lisilofika vizuri. Chiriku alikiona kile kichwa kikikubali. Akapanda.

Besi akateremsha sindano. Tumba ziliingia. Magitaa yakaja, la ridhimu likipika, la solo likikatika kila lilipojaribu kupanda. Mwanamume akauliza swali lake. Besi akafumba macho, akangoja kiitikio.

Hakuna aliyejibu.

Irabu ile haikupanda. Mahali pake palikuwa pameachwa wazi, na besi yake ilipita pale chini peke yake kama mlinzi anayezunguka nyumba iliyohamwa. Aliirudisha sindano, akabandika sikio kwenye spika. Patupu. Akairudisha tena.

Mara dramu kubwa ikapigwa nje ya wakati, pigo moja zito hata akalisikia kwenye nyayo za miguu.

Alikunja uso. Marehemu mpiga dramu hakupata kukosea mahali pale. Alikosea kwingine, alipokuwa amelewa, lakini si katika wimbo huu. Besi aliinua sindano, akairudisha nyuma kidogo, akasikiliza kwa makini ya mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Safari hii dramu haikuingia. Akairudisha tena, na bado haikuingia, naye akaanza kujiuliza ni maiti gani aliyeshika fimbo za dramu.

Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa kishindo. Fundi cherehani aliingia na utepe wa kupimia shingoni, bila viatu, akampita Besi pasipo salamu, akaingia chumbani. Ndipo Besi alipogeuka.

Chiriku alikuwa sakafuni kati ya kitanda na dirisha, pazia limemfunika kifuani, mguu mmoja umeelekea kusikoelekea mguu. Macho yalikuwa wazi. Kinywa chake kilifunguka na kufumbika.

"Anakuita tangu nikiwa cherehanini!" Fundi alikuwa analia. "Nimemsikia mpaka kwangu, ng'ambo ya ukuta! Ulikuwa wapi, Mzee Besi?"

"Hapa," alisema. "Nilikuwa hapa hapa."

Alipiga magoti. Akamwinamia mkewe mpaka sikio likagusa midomo yake, akahisi pumzi, fupi na ya moto. Midomo ikatikisika. Sebuleni wimbo ulikuwa unaendelea, na besi ilifika mpaka chumbani bila kupungukiwa hata na pigo moja.

"Amesema nini?" aliuliza. "Jirani, nakuomba. Amesema nini?"

Jua lote la mchana lilikuwa limeingia kwa dirisha lisilo na pazia, likawamulika wote watatu. Fundi cherehani alimtazama yule mzee kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Anasema anasikia baridi."