Tano Isiyorudi

Mimi niliishia darasa la saba, lakini macho yangu yaliendelea kusoma. Kazi yangu ni kutunza wazee hapa Alexandria, ng'ambo wanakosema Kiingereza, na mtu anayegawa vidonge vya watu tisa kila asubuhi hujifunza kukiona hata kidonge ambacho hakipo. Ndiyo maana niliiona ile tano. Ninaandika haya nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikuiona.

Kila Jumamosi mchana Mzee Elkanah alikuwa akifundisha hesabu katika ukumbi tunaoabudia. Ni mzee wa kanisa letu. Kule Meru alikuwa mwalimu mkuu, huku anaegesha magari ya wageni hotelini, na ule muda wa saa moja na nusu wa Jumamosi ndio uliomrudishia suti yake. Vijana walikuwa watano, miongoni mwao binti yangu Nkatha na Jaël, binti wa Mama Sabine kutoka Kongo. Mimi nilileta chai na mandazi, nikakaa nyuma.

Nkatha alikuwa na miaka ishirini. Asubuhi alitandika vitanda vya hoteli, mchana alijisomea vitabu vya maktaba. Chuo kimoja kilikubali kumpokea moja kwa moja kwenye uhandisi akipata themanini katika mtihani wa kalkulasi. Mwaka mzima tuliitaja hiyo themanini kwenye maombi kama jina la mgonjwa.

Mzee alikuwa na maneno yake. Kudiferenshieti aliita kushuka, kuintegreti aliita kupanda. Siku hiyo aliandika ubaoni x² + 5.

"Tunashuka," akasema. "Ile mbili iliyo begani inashuka mbele, na begani panapungua moja. Tunapata 2x."

"Na tano?" akauliza Jaël.

"Tano haibadiliki. Kitu kisichobadilika hakina mwendo, kinakuwa sifuri." Akaifuta kwa kidole gumba. "Sasa tunapanda. Begani ongeza moja, halafu gawanya kwa namba hiyo mpya. 2x inarudi kuwa x². Tumemaliza."

Akapiga mistari miwili chini ya jibu, kama mtu anayefunga mlango kwa komeo.

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. "Samahani, Mzee. Tulianza na tano. Mbona tumerudi bila tano?"

Kalamu za vijana zilisimama. Mzee alinitazama mimi, kisha akaitazama chupa.

"Mama Nkatha, hiyo tano si umeikanda kwenye mandazi?"

Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Tukiwa kwenye basi kurudi nyumbani, Nkatha alifungua kitabu cha maktaba mapajani.

"Mama, uliona sawa. Ukipanda, lazima uongeze C mwishoni. C ndiyo ile tano. Ni kama unakiri kwamba palikuwa na kitu, hata kama hujui kilikuwa kiasi gani."

"Mzee hajui?"

"Sijui kama anajua. Nikiiandika anaikata. Anasema ni mapambo."

"Basi usiiandike."

"Mama."

"Nkatha, huyu ndiye aliyemshika baba yako mkono."

Hilo lilikuwa kweli. Festus alipokuwa anakata roho hospitalini, mimi nilikuwa kazini nikimwogesha mama wa mtu mwingine. Elkanah ndiye aliyekaa naye, akamsomea Zaburi, akamfunga macho. Nilipofika, mume wangu alikuwa amekwisha kunyooshwa. Mtu aliyekutendea hivyo, utamwambiaje kwamba hajui hesabu?

"Simsahihishi mbele za watu," Nkatha akasema. "Ni kwenye karatasi ya mtihani tu."

"Karatasi ataiomba aione, unamjua. Andika alivyokufundisha."

Nikamsomea na mstari juu ya utii, nikiwa na Biblia ndogo ya mkoba. Aliusikiliza wote. Kisha akafunga kitabu chake.

"Sawa, Mama."

Jumamosi iliyofuata Jaël hakuja. Nilimkuta Mama Sabine mlangoni, amekuja kuchukua sufuria zake tu.

"Mie Jaël nimemutosha, harudi tena," akasema. "Mzee ni muzuri kwa maombi, lakini ile hesabu yake, non. Weye unangoya nini?"

"Namngoja Bwana."

"Bwana alikwisha kukuonyesha, dada, ma sœur. Ulitaka akutumie na barua?"

Nilimwona ni mwanamke asiye na heshima. Nilikwenda nikamimina chai.

Mtihani ulifanyika mwezi wa sita. Nkatha alipata sabini na sita. Ofisi ilimruhusu kuitazama karatasi yake, nikaenda naye. Maswali ya kushuka yalikuwa safi. Ya kupanda yalikuwa saba. Yote saba hesabu ilikuwa sahihi, na mwishoni mwa kila moja mkono wa mtu nisiyemjua ulikuwa umeongeza + C kwa kalamu nyekundu na kukata alama moja. Nilizihesabu kwa kidole mara mbili. Sabini na sita, na saba, ni themanini na tatu. Hiyo hata darasa la saba linaiweza.

Nkatha hakunitazama. Aliirudisha karatasi kwa yule bibi wa ofisini, akamshukuru.

Jumamosi nilimfuata Mzee kabla vijana hawajaingia. Alikuwa anapangusa ubao. Nilichukua kalamu, nikaandika x² + 5. Nikashuka. Nikapanda.

"Mzee, ile tano iko wapi?"

Alikaa kwenye kiti cha kwaya. Hakuuliza nina maana gani.

"Nilikwenda nikaangalia," akasema. "Siku ile ile uliyouliza. Nilitoa kitabu changu cha zamani, nikaona. Nilikuwa nimesahau, Mama Nkatha. Miaka thelathini."

"Siku ile ile."

"Ndiyo."

"Na Jumamosi zote zilizofuata ukawaacha wapande bila hiyo tano."

Aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vimeng'arishwa.

"Ningerudi vipi? Watu walikwisha kucheka."

Nilitaka kumwambia neno ambalo lingembakia. Nikatafuta, na kila nililolipata lilikuwa na jina langu pia ndani yake. Yeye alijua, akanyamaza. Mimi nilijua kabla yake, na nikamnyamazisha na aliyetaka kusema. Vijana walianza kuingia. Alisimama, akaifunga suti, na nilipokuwa natoka nikasikia sauti yake ikitangaza kwamba wamwombee dada Nkatha, maana Mungu ana wakati wake.

Mtihani upo tena mwakani. Nkatha amesema hapana. Amejiandikisha kozi ya kutunza wazee, wiki sita tu, na msimamizi wangu amekwisha kumwahidi nafasi kwenye zamu yangu. Watu wa kanisa wananipongeza kwamba mtoto amefuata nyayo za mama.

Nkatha alipokuja kutoka Meru alikuwa akiwacheka watoto waliozaliwa huku, wanaosemeshwa Kiswahili wakajibu Kiingereza. Jana nilimwambia chakula kipo mezani.

"I'm okay," akasema, na akafunga mlango wa chumba chake polepole, kwa heshima.