Damu ya Mara ya Nne

Daktari Donatus alikwisha kumfunga Scolastika mpira mkononi, sindano iko tayari, mwanamke huyo alipouvuta mkono wake.

"Mara tatu mmechukua. Leo ya nne. Nataka majibu kwanza."

Watu wa foleni ya nje waligeuka kutazama. Ilikuwa 1987, na kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu watu walikonda wakazikwa bila ugonjwa wao kutajwa. Mume wa Scolastika, Maduhu, alizikwa mwezi wa pili. Tangu hapo shemeji yake, Stanslaus, alikuwa akimwita mchawi, huku akiikodolea macho nyumba ya bati aliyoiacha marehemu.

"Mama, hii ni damu ya utafiti. Majibu yanakwenda kwa wakubwa."

"Damu yangu, majibu ya wakubwa?"

Donatus akafunga mlango, akashusha sauti kama mwizi. Kuna kirusi, alisema. Kinaingia ndani ya chembe zinazolinda mwili, kinajichomeka katikati ya maagizo ambayo kila chembe huzaliwa nayo. Yaliyopaswa kuzimwa kinayawasha, yaliyopaswa kuwaka kinayazima. Mlinzi anaacha kulinda, anaanza kumzalisha adui.

"Ndicho kilichomuua mzee wako. Nawe unacho."

Scolastika hakulia. "Kwa hiyo si uchawi."

"Si uchawi."

"Iandike. Piga muhuri. Kesho sungusungu wananihukumu."

"Sina ruhusa ya kuandika jina la ugonjwa huo."

"Ya kunitoboa unayo!" Akaufungua mpira, akautupa mezani. "Hampati hata tone."

Kesho yake alisimama mbele ya sungusungu, wale walinzi wa kijiji wenye pinde, akayasema yote, ya mumewe na yake mwenyewe, bila kuinamisha kichwa. Waliokaa karibu naye walisogea kando. Mwenyekiti alimtazama Stanslaus.

"Karatasi ya daktari iko wapi?" Stanslaus aliuliza.

Hakuwa nayo. Wakaamua ahame kabla jua halijazama.

Hakuhama. Jioni vijana wa sungusungu walipanda juu ya nyumba na nyundo. Chini yao Scolastika alikuwa akisonga ugali.

"Toka, mayu!" mmoja alimsihi, akimwita mama kwa Kisukuma. "Tutakuumiza."

"Ng'oeni. Nawaona."

Bati la kwanza likatoka, mwanga ukamwagikia jikoni. Misumari yenye kutu ilidondokea sufuriani. Akaitoa mmoja mmoja kwa vidole, ikimuunguza, akaongeza unga, akaendelea kusonga.