Hata Tone

"Majibu yakiwa mazuri abaki mpaka ajifungue, yakiwa mabaya abebe mabegi yake arudi kwao, huyu hana damu yetu hata tone, mama," ndivyo alivyosema binti yake mkubwa asubuhi, na yeye bibi akaitikia, ehe, hata tone, ataacha kuitikia vipi na maneno ni yake mwenyewe, kayasema tangu siku walipomzika kitinda mimba wake, mume wa huyu, huyu aliyekaa naye hapa kwenye benchi la zahanati, kabonyeza pamba mkononi pale palipotolewa damu, tumbo hata halijachomoza sawasawa... na nesi naye haishi kueleza, "Bibi, unanisikia? Vipande vidogo vya urithi wa mtoto vinatoka kwenye kondo la nyuma, vinaelea ndani ya damu ya mama, ndivyo tunavyovipima," vinaelea, haya, lakini mtoto yuko tumboni na sindano imeingia mkononi, mkono na tumbo wapi na wapi, mtu akigonga mlango wa jirani utamfungulia wewe? "Vinazunguka mwili mzima, bibi, kichwani, miguuni. Tunaizungusha damu kwenye mashine, nyekundu inakaa chini, juu yanabaki maji ya manjano, vimo humo," kama mtindi basi, ukiuacha unajitenga, hilo analijua, lakini maji ya mtindi hayana mtoto ndani yake... kazaa saba, ina maana na wao walimzunguka hivyo, mpaka visiginoni, akauliza, "Na mimi vya wangu bado ninavyo?" nesi akacheka, "Hapana, bibi yangu, mtoto akishazaliwa havimalizi hata siku mbili, vimekwisha," vimekwisha, anavyosema kama anazungumzia sabuni, "na nusu ni urithi wa baba yake," nusu ya nani? ya baba yake... baba yake si yule fundi umeme wake, aliyekuwa anang'ata mdomo wa chini akiunga nyaya, aliyemwambia mama nisubiri nakuja, akaletwa amebebwa, ardhi aliiona mwenyewe ikimfunika, sasa nusu yake iko wapi, hapa? chini ya pamba hii? inapita kwenye mkono huu mwembamba ambao juzi tu aliuambia usishike sufuria yangu... hapana, wazee hawafundishwi mambo haya wakashika, labda hakusikia vizuri, lakini sukari ikishayeyuka kwenye chai nani huiona, na bado chai ni tamu... "Mama, unaumwa?" mkwe kamgeukia, "mbona unanitazama hivyo?" "Nikutazame nini, kwani wewe picha? Bonyeza pamba," na huyo kabonyeza, na hapo chini yanapita mapigo, du, du, hata tone, kasema hata tone, na pale mezani kichupa kimejaa... "Majibu wiki ijayo," nesi anasema, "tunaangalia kama mtoto ana nyuzi za urithi zilizozidi, zile zinazofanya mtoto achelewe kutembea, achelewe kusema, na kipimo chenyewe ni dalili tu, kikitia shaka tutapima tena," wiki ijayo, na binti mkubwa anasubiri mlangoni kule nyumbani mikono kiunoni, atauliza mazuri au mabaya, mazuri ya nani, akichelewa kutembea si atabebwa, mgongo si upo, na akichelewa kusema, nyumba yao ile wasemaji wamezidi, apatikane mmoja wa kunyamaza... lakini mabegi yamefungwa tangu jana, yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia yafungwe, na mtu mzima hali matapishi yake, hawezi kumgeukia mkwe hapa mbele ya watu akamwambia nini, hasemi kakosea, nani kasema kakosea, hakuambiwa tu... mkwe bado kabonyeza pamba, nesi bado anaandika, mlango wa chumba bado haujafunguliwa, basi wewe, wewe mdogo unayezunguka humo bila kulipa nauli, unayefika kichwani na miguuni, mimi bibi yako mdomo huu mzito, ukipita karibu na moyo wa mama yako mwambie, mabegi yale yafunguliwe, majibu yawe yatakavyokuwa, na ukipita masikioni rudia, maana mama yako naye mbishi, mwambie bibi kasema.