Nasaba ya Soksi

Ofisi ya chama cha wafuga mbwa wa mbegu ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na ngazi zake zilinuka rangi mbichi mwaka mzima ingawa hakuna aliyewahi kumwona mtu akizipaka. Alasiri hiyo mvua ilikuwa ya manyunyu, ile isiyomlowesha mtu bali inamkalia tu kwenye nywele. Fundi Zipu alipanda polepole akiwa amemkumbatia Soksi kifuani, maana mbwa yule, pamoja na sifa zote za ukoo wake, aliogopa ngazi.

Jina la Fundi Zipu alipewa na wateja. Cherehani yake ilikaa kibarazani, na haikuwahi kuletwa zipu ikamshinda. Soksi jina lake alijipatia mwenyewe, kwa wizi.

Karani aliwakaribisha waketi. Alikuwa mwanamke mpole wa makamo, mwenye sweta na bilauri ya chai iliyofunikwa kwa kisahani.

"Masharti umeyasoma, dada?"

"Nimeyasoma."

"Na lile la vizazi?"

"Hilo ndilo lililonileta."

Sharti la vizazi lilikuwa hivi: wazazi wa mbwa, na wazazi wa wazazi wake, hadi kizazi cha tatu, wafike wenyewe ofisini kukaguliwa, kila mmoja na aliyemfuga, wawe hai au wamekufa. Zamani chama kilipokea maneno matupu, watu wakazoea kughushi, mpaka mbwa koko wa sokoni akajikuta na babu aliyeshinda vikombe. Ndipo likawekwa sharti, na tangu hapo hapakuwa na ugomvi.

Ukweli ni kwamba Soksi hakuwa na haja na cheti. Alikuwa na bakuli lake, gunia lake la kulalia na viatu vya jirani vya kutafuna. Cheti angekitafuna pia. Mwenye haja alikuwa Fundi Zipu. Bibi yake Soksi alikuwa mbwa wa Mwenyekiti, mwasisi wa chama, na Mwenyekiti alikuwa baba yake Fundi Zipu. Jambo hilo alilijua kila mtu mtaani isipokuwa Mwenyekiti mwenyewe, aliyejitia hamnazo tangu siku mpishi wake alipoanza kutanua kiuno cha gauni hadi siku mzee mwenyewe alipozikwa.

Mpishi huyo alikuwa mama yake Fundi Zipu. Mtoto alizaliwa chumba cha uani, akakua akiwapikia mbwa uji na kuwachana manyoya, na kila asubuhi akimwamkia baba yake "Shikamoo, Mwenyekiti," kama fundi bomba aliyekuja kutazama mfereji. Mwenyekiti alipokufa, watoto wa nyumba kubwa waligawana walichogawana. Mbwa jike wa mwisho, mzee na mwenye kikohozi, aliachiwa yule aliyezoea kumlisha. Akazaa mtoto mmoja, Soksi, kisha naye akaenda zake.

Fundi Zipu alitaka neno moja tu. Alitaka Mwenyekiti aseme mbele ya watu, "Huyu ni mwanangu." Alilingoja wakati mzee yu hai, akalikosa. Lakini aliposoma sharti la vizazi moyo ulimruka, kwa sababu aliamini kwamba mtu akishakufa hana tena wa kumwogopa. Wiki nzima alijifunza kusema "Baba" akiwa kwenye cherehani, kwa sauti ya chini, kila zipu ilipofunga vizuri. Zipu nyingi zilifunga vizuri wiki ile.

Karani aliangalia saa, akafungua mlango, akauegemeza kwa tofali.

Wakaja. Walipanda ngazi bila kishindo, mama yake Soksi mbele, kikohozi kimemwisha, nyuma yake madume wawili wenye vifua vipana, kisha wengine na wengine, kila mmoja na mtu wake pembeni. Kadiri kizazi kilivyokuwa cha zamani ndivyo mwanga wa dirishani ulivyowapenya, na wale wa zamani kabisa walionekana kama nguo nyeupe iliyoanikwa. Chumba kilijaa harufu ya manyoya yaliyoota jua. Hakuna aliyeacha tope sakafuni, jambo lililomfurahisha karani, kwani mbwa hai wa asubuhi walikuwa wamemchafulia mpaka zulia. Soksi aliwanusa mmoja mmoja, akapiga chafya, akalala katikati yao.

Mwenyekiti aliingia wa mwisho, akimwongoza bibi yake Soksi kwa kamba ya ngozi. Alivaa koti la kijivu. Kwenye picha kubwa iliyotundikwa nyuma ya meza ya karani, ambamo siku zote alikaa na mkono juu ya kichwa cha mbwa huyo huyo, sasa kilibaki kiti na pazia.

"Shikamoo, Mwenyekiti," karani alisema.

"Marahaba. Naona mmebadilisha mapazia."

"Yalichakaa."

"Yale yalikuwa mazuri," alisema Mwenyekiti, akakaa.

Mkaguzi akatoka chumba cha ndani, mzee mwembamba mwenye futi shingoni. Futi iliwapita wafu katikati bila kushika chochote, kwa hiyo wale aliwapima kwa macho, nao hawakulalamika. Alitazama meno, mikia, nyayo. Alipofika kwenye masikio alitabasamu: tangu wale weupe wa zamani hadi Soksi, ncha ya sikio la kushoto ilikuwa imejikunja kidogo, kama ukurasa uliokunjwa na msomaji.

"Damu haijifichi," alisema.

Kisha, kwa kuwa jicho la mkaguzi likishaanza kazi halijui kusimama, alitazama mkono wa Mwenyekiti ulioshika kamba, akatazama mkono wa Fundi Zipu ulioshika mkoba. Madole gumba yote mawili yalipinda nyuma kwa namna moja. Akatazama vichwa vyao, vilivyoinamia upande mmoja vikimsikiliza yeye.

"Kwa mbwa," mkaguzi alisema taratibu, "alama hizi zingetosha kabisa."

"Chama chetu ni cha mbwa," karani alimkumbusha, bila ubaya.

Mwenyekiti aliutia mkono wake mfukoni.

Fundi Zipu aliona. Alikuwa amekuja kwa ajili hiyo, akapiga moyo konde. Alisimama. Neno alilojifunza wiki nzima alilitafuta mdomoni akalikuta limehama, na lililotoka ni lile la miaka yote.

"Mwenyekiti," alisema. "Na mimi?"

Mbwa wote waligeuka wakamtazama. Bibi yake Soksi, aliyelelewa kwa uji wake, alikuja mpaka mwisho wa kamba akamlamba dole gumba. Ulimi wake haukuwa na joto wala baridi.

"Kweli, hilo nalo tulijue," karani alisema. "Mbwa amemfikia dada huyu kwa njia gani? Kama ni urithi, nitaandika udugu wenu. Huyu ni nani kwako, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti alimtazama Fundi Zipu kwa muda mrefu na kwa upole, na huo upole ndio uliomuumiza binti kuliko kitu chochote, kwa maana ulionyesha kwamba anajua.

"Huyu?" alisema. "Huyu ni wa pale nyumbani. Andika zawadi."

Karani akaandika zawadi.

Mengine yalikwenda haraka. Mwenyekiti aliulizwa kuhusu Soksi, akamshika kidevu, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ngazi, "Huyu ni wangu, wa damu yangu, sina shaka." Alimaanisha damu ya mbwa wake, na kila mtu alielewa hivyo. Kwa kanuni za chama, mbwa wa mbegu hubeba jina la nyumba alikotoka, basi Soksi alipewa jina refu la heshima, na mwisho wake likawekwa jina la ukoo wa Mwenyekiti, kwa herufi kubwa, na mhuri wa dhahabu juu yake. Wafu walishuka ngazi kama walivyopanda. Mwenyekiti aliaga, akarudi ukutani na mbwa wake. Tangu siku hiyo, pichani, mkono wake uko mfukoni. Karani hukifuta vumbi kioo chake kila Jumatatu, na hajaona sababu ya kuandika barua kuhusu badiliko hilo.

Nyumbani, mama yake Fundi Zipu alikuwa akimenya viazi.

"Alivaa nini?" aliuliza.

"Koti la kijivu."

"Vifungo vipo?"

"Vyote."

"Nilivikaza mimi." Alimenya kiazi kimoja akamaliza. "Haya, akasemaje?"

"Alisema mimi ni wa pale nyumbani."

Mama alikitia kiazi majini. "Basi hajabadilika," alisema. "Nilidhani kaburi litamfundisha."

Fundi Zipu alikitundika cheti juu ya cherehani, mahali ambapo Soksi hafiki. Kisha akaweka chakula kwenye bakuli, akasimama mlangoni mvua ikiwa imekatika, akamwita mbwa kwa jina lake jipya. Aliliita lote, kwa sauti, mpaka lile la mwisho, na majirani waliokuwa wakianua nguo walilisikia jina la ukoo wa Mwenyekiti likiitwa uani kwao kwa mara ya kwanza. Soksi alitoka nyuma ya pipa, mbio, na kiatu mdomoni.

Akaliita tena, ingawa mbwa alikuwa ameshafika miguuni pake.