Ripoti ya Jumatatu na Mbuzi Mweupe

Kampuni ya Koinet ilikuwa na programu moja ya simu, wafanyakazi wanne na mbuzi wanne, na katika hao wote ni mbuzi tu waliokuwa wakinenepa.

Ofisi ilikuwa Kitengela, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye ploti ambayo Koinet aliizungushia ukuta wa mawe akisema hapo patasimama makao makuu. Makao makuu yalikuwa bado ni msingi. Msingi ulikuwa umeota nyasi, na juu ya nyasi walikuwa wakilishwa mbuzi wa faini.

Habari ya faini ilianza hivi. Programu yao ilikuwa ya kuweka kumbukumbu za mifugo: ng'ombe huyu amechanjwa lini, ametoka boma la nani, ameuzwa soko gani. Mtu akimaliza kipande chake cha kazi alikisukuma kwenye kompyuta kubwa iliyokaa pembeni ya ofisi. Hiyo kompyuta ilikiunganisha na vipande vya wenzake, ikavipima vyote, kisha ikatuma toleo jipya kwenye simu za wateja. Safari hiyo yote waliiita paipu. Kazi ikipita salama, skrini ya ukutani iliwaka kijani. Ikikwama, nyekundu. Na siku hizo, ndugu yangu, ile skrini ilikuwa nyekundu kama nyanya za Illasit wakati wa msimu.

Mtu mwenye akili timamu angeuliza: inakwama kwa nini? Koinet hakuuliza kwa nini. Aliuliza ni nani.

"Nataka jina," alimwambia Shirleen. "Kila Jumatatu asubuhi, jina."

Shirleen alikuwa msichana wa kutoka Webuye, amepanga chumba huko nyuma ya soko, na alikuwa bado kazini kwa majaribio. Kazi yake ilikuwa kuiuliza data maswali. Paipu iliandika kila kitu: nani alisukuma, saa ngapi, ilipita au ilikwama, na ilikwama kwa sababu gani. Shirleen aliandika swali fupi. Kwa kila iliyokwama, tafuta mtu wa mwisho kuigusa hiyo kazi, jumlisha, mwenye nyingi akae juu. Swali lilijibiwa kabla chai haijapoa, na majina yakapanda kwenye skrini yakiwa na rangi na michoro.

Koinet alisimama akapiga makofi. "Hii ndiyo data! Namba haina ukoo, namba haina rafiki! Sasa sikilizeni. Kwetu Kajiado mtu akikosea, wazee hawamwandikii barua ya onyo. Anatoa mbuzi, maneno yanaisha. Mifugo ikila shamba la mtu, mwenye mifugo analipa, hata awe nani. Hakuna kujitetea. Kwa hivyo anayeongoza hiyo orodha Jumatatu analeta mbuzi. Akifika mbuzi wa tatu, huyo arudi kwao akamsaidie mamake."

Alichosahau kusema ni kwamba hao wazee husikiliza kwanza. Husikiliza mpaka jua lizame, kabla mtu yeyote hajataja mbuzi.

Basi mbuzi wakaanza kuingia. Opiyo alileta beberu mmoja mwenye kikohozi. Lennox akaleta kambuzi ambako hata paka angekacheka. Lakini Isaak! Ami yake, Bishar, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo kule Kiserian, na kwa Bishar kutoa mbuzi aliyekonda ni aibu ya ukoo mzima. Isaak alileta jike la mbegu ya galla, jeupe, limejaa, linang'aa. Koinet alilizunguka mara mbili akilipapasa mgongo. Tangu siku hiyo, ukimtazama vizuri, alikuwa akiisubiri Jumatatu kama mtoto anavyosubiri Krismasi, na jina la Isaak likitokea juu alikunja uso kwa shida sana. Isaak akaleta na wa pili, mweupe vilevile.

Sasa ngoja nikwambie Isaak alikuwa nani pale. Isaak alikuwa ndiye fundi wa kweli. Kazi ya Opiyo ikikwama, "Isaak, kuja uone hii kitu." Kazi ya Lennox ikikwama, "Isaak, niokolee." Naye anavuta kiti, anajaribu hivi, nyekundu, anajaribu vile, nyekundu, anajaribu tena, kijani. Kwa hivyo uchafu wa wenzake wote ulikuwa na alama za vidole vyake juu. Kwenye ripoti, yeye ndiye akawa mharibifu mkuu. Ni sawa na kuhesabu wagonjwa walioguswa na daktari, halafu ukasema daktari ndiye homa.

Na wale wengine hawakuwa wajinga. Opiyo alijifunza kusema, "Isaak, bonyeza wewe, mkono wako uko na baraka." Lennox naye aliacha kabisa kusukuma kazi. Alikuja, akanywa chai, akaenda. Jina lake likatoweka kwenye ripoti, na Koinet akamtaja mbele ya wote kuwa mfano wa kuigwa.

Shirleen alijua. Hapa nisimfichie. Siku Isaak alipomleta yule mbuzi wa pili akimvuta kwa kamba, huku jasho likimtoka, Shirleen alirudi kwenye meza yake akachungulia data vizuri, akaona swali lake ndilo lenye makosa. Lilikuwa linauliza nani ameshika mwisho. Halikuuliza nani ameharibu. Kulirekebisha ilikuwa kazi ya dakika chache.

Hakulirekebisha. Mwisho wa mwezi alikuwa athibitishwe kazini, na Koinet kila akipita alimgongea meza na kusema, "Barua yako iko karibu, ripoti zako nazipenda." Nyumbani wadogo zake walikuwa wakimtazama yeye. Akajiambia atasema akishapata barua. Na ujue ni Isaak huyohuyo aliyemwambia Koinet amwajiri, na ni Isaak aliyemkalisha wiki nzima akimfundisha jinsi paipu inavyofanya kazi. Aibu ilimshika. Akawa anakwepa macho ya Isaak, na akipewa chai naye anasema ameshiba.

Ndipo ikafika ile Alhamisi ya Mama Ugbad.

Mama Ugbad alikuwa mwenyekiti wa wafanyabiashara wa mifugo kule Kajiado mjini. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kunadi, simu mbili mkononi. Akiikubali hiyo programu, wanachama wake wote wangeitumia, na makao makuu yangepata angalau ukuta. Koinet alivaa shuka yake nzuri juu ya suti, akamkaribisha kwa soda, akamwonyesha skrini ya ukutani.

"Hapa kwangu, mama, hakuna kitu kinafichwa. Hata makosa tunayaandika ukutani. Isaak! Tumia mama toleo mpya kwa simu, aone na macho yake."

Isaak alibonyeza. Skrini ikawaka nyekundu. Akabonyeza tena. Nyekundu. Akakunja mikono ya shati, akajaribu njia nyingine. Nyekundu, na kila nyekundu ilipowaka, jina lake kwenye ripoti lilipanda ngazi moja, mpaka likakaa kileleni peke yake.

Mama Ugbad akatazama simu zake zote mbili. "Sijaona kitu."

Koinet akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe. Halafu akageuka, akaona pa kuponea. "Mama, pole sana, lakini umekuja siku nzuri. Utaona vile tunachukua hatua. Hatungoji Jumatatu. Isaak, hii ni ya tatu. Lete mbuzi, halafu kesho usikuje."

Opiyo akaangalia viatu vyake. Lennox akajikuna shingo. Isaak alivuta begi lake taratibu, akaanza kukunja waya wa chaja. Alivyoukunja vizuri hivyo, bila hasira, ndivyo vilivyomshinda Shirleen.

"Boss," akasema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua. "Naomba niulize data swali lingine."

"Lingine la nini? Jibu tunalo ukutani."

"Hilo linasema nani amegusa mwisho. Haliambii mtu nani ameharibu. Swali nililiandika vibaya."

Koinet akamsogelea, akashusha sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo. "Shirleen, na barua yako?"

"Ikae tu," akasema Shirleen.

"Wacha msichana aulize!" Mama Ugbad aliweka chupa ya soda chini kwa kishindo. "Walahi mimi niko sokoni miaka yote hii. Sijawahi kununua ng'ombe kwa kuangalia nani ameshika kamba. Mwenye kushika kamba si mwenye ng'ombe."

Shirleen akaandika. Akakosea, akafuta, akaandika tena. Kwa kila iliyokwama, rudi nyuma mpaka kipande kilichoanza kukwamisha; taja aliyekileta; taja na sababu.

Majina yakapanda upya. Juu kabisa, kwa mbali sana, alikaa Koinet mwenyewe. Kumbe kila Jumapili baada ya kanisa, mzee akiwa nyumbani Matasia amejinyoosha kwenye kochi, alikuwa akiingia kwenye programu kubadilisha rangi ya vitufe ili ifanane na shuka yake. Chini yake Opiyo, chini ya Opiyo Lennox wa zamani, kabla hajawa mfano wa kuigwa. Isaak hakuwepo.

"Hiyo rangi ni mambo ya sanaa," Koinet akasema, "haihesabiwi."

"Na hii ya leo?" Mama Ugbad akauliza. "Ya leo ni ya nani?"

Shirleen akasoma mstari wa mwisho. Mbele ya zote zilizokwama siku hiyo paipu ilikuwa imeandika sababu moja tu: hakuna mtandao.

Wakatoka nje wote kufuata waya. Ule waya wa mtandao ulipita juu ya ukuta ukashuka chini kwenye nyasi, kwa sababu fundi alipotaka kuufukia, Koinet alimwambia asiharibu msingi wa makao makuu. Na hapo kwenye nyasi alisimama yule jike mweupe wa galla, amepanua miguu, anatafuna. Ncha moja ya waya ilining'inia mdomoni mwake. Ncha nyingine ilikuwa haionekani tena.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Opiyo, akajifanya anakohoa, na beberu lake likamjibu.

"Haya," akasema Mama Ugbad. "Mbuzi wa nani?"

Sasa mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Ungemwona Koinet! Alimtazama mbuzi, akamtazama mgeni, akamtazama tena mbuzi, na mkono ukanyooka wenyewe. "Huyo si wangu! Huyo ni wa Isaak. Alimleta hapa yeye mwenyewe, wote mlimwona. Mbuzi wa Isaak amekata waya, mwenye mifugo analipa. Si niliwaambia sheria?"

Hata Lennox alifungua mdomo.

Isaak alitabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka, akaweka begi begani aende zake. Shirleen akasimama mbele ya geti.

"Boss, kama mbuzi ni wa Isaak, basi hiyo faini haijawahi kulipwa, na arudi na mbuzi wake. Kama faini ililipwa, mbuzi ni wako, na sheria ya Kajiado tumeisikia kutoka kwako. Chagua moja, niandike kwa ripoti."

Koinet akafikiria. Kusema kweli, sijui kama amewahi kufikiria hivyo kabla ya siku hiyo. Alipenda yule mbuzi. Lakini alipenda zaidi kutokuwa na kosa.

"Ni wa Isaak," akasema hatimaye, kwa uchungu wa kweli. "Amchukue. Na yule mwingine mweupe pia, amchukue. Na hiyo maneno ya kesho asikuje, tuseme sikusema."

Mama Ugbad alikuwa ameshafungua mlango wa gari lake. "Nitarudi, bwana Koinet," akasema, "siku utajua mbuzi wako ni gani." Akaenda.

Koinet alibaki amesimama kwenye msingi akishikilia kipande cha waya. "Shirleen," akaita, "barua yako bado inaandikwa. Na Jumatatu nataka ripoti ya mbuzi. Kila mbuzi, na jina."

Isaak alikuwa anawafunga kamba wale weupe wawili. Shirleen akamwendea. Alikuwa ametayarisha maneno mengi, ya pole na ya sababu, ya wadogo zake na ya barua, lakini Isaak alimtangulia bila kuinua kichwa.

"Lile swali. Ulijua tangu lini kwamba liko na makosa?"

Angeweza kusema tangu leo. Hakuna mtu angejua.

"Tangu huyu wa pili," akasema.

Isaak akamaliza kufunga fundo. Akampangusa mbuzi vumbi mgongoni, na Shirleen aliona kwamba imemuuma, imemuuma kuliko faini zote. Kisha akainuka, akamnyooshea kamba ya yule mbuzi wa pili.

"Basi shika wako," akasema. "Nawarudisha kwa Bishar. Twende mpaka tupate pikapu ya Kiserian."

Shirleen akashika kamba. Wakatoka getini, yeye na viatu vyake vya ofisi, wakapita mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, na wenye boda boda wakaanza kuuliza kwa sauti huyo mbuzi ni wa nani. Hakuwajibu. Mbuzi alivuta, naye akafuata.