Siku Tuliposimama Tusikae

Uvumi niliupata kwa muuza mkaa, jirani yangu, ambaye mwanawe yuko kikosi kimoja na wangu. Alisema dereva mmoja wa jeshi amemnong'oneza kwamba wale vijana hawarudi tena mvua zikianza, kama tulivyoahidiwa, na kwamba watapelekwa wengine juu yao, vita vikolee.

"Shoga, usinitie presha," nilimwambia. "Dereva gani huyo anayepewa siri za wakubwa?"

"Mimi nakupa nilivyopewa."

Nikarudi kwenye kazi yangu. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi hapo barazani. Lakini yale maneno yaligoma kunitoka kichwani. Nikiweka pasi chini yapo, nikiinua yapo. Mwisho nikaunguza kola ya mtu.

Mwanangu anaendesha lori la maji la kikosi. Vile vita si vyetu, ni vya nchi ya watu waliogombana wenyewe kwa wenyewe. Vijana wetu walipelekwa kulinda barabara ili chakula kipite, zamu ikiisha warudi. Hilo nililikubali kwa moyo mmoja. Nilimkunjia nguo mwenyewe, nikamtilia soksi za pamba na poda ya miguu, maana mguu wa askari ukioza hakuna wa kumbeba. Na ule uvumi nilikuwa nao hivyohivyo nilipoanika godoro lake juani. Nilijiambia godoro likishaota jua, mtoto atarudi. Mama akiwa na hofu hujidanganya hata kwa godoro.

Tukaitwa mkutano kwenye ukumbi wa shule, sisi wazazi wa askari. Aliyetuita ni mwenyekiti wa umoja wetu wa mtaa, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Yeye hana mtoto jeshini. Wa kwake ana pumu. Pumu hiyo humbana akisikia gwaride, ila kwenye muziki anacheza mpaka alfajiri.

Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa mmoja ambaye nguo zake nilikuwa nazifua mimi. Nayajua yale mashati. Jasho lake lote ni la mezani.

Akashika kipaza sauti. "Mwenye mtoto kule vitani asimame tumwone!"

Tukasimama. Mimi na fuko langu la soksi mkononi, kwa kuwa tuliambiwa tulete vya kuwatumia. Ukumbi ukapiga makofi, na sitaficha, nilisikia raha. Tangu nizaliwe nani aliwahi kunipigia makofi?

"Mnawapenda vijana wenu?"

"Ndiyo!"

"Mnataka waaibike?"

"Hapana!"

Sasa mama gani ataitikia kwamba anataka mwanawe aaibike? Alijua anachofanya, yule bwana. Akawageukia wenye kamera, akanyoosha kidole kwetu.

"Mmewasikia wenyewe! Mama zao wanasema hakuna kurudi nusu njia! Jeshi liongezwe, adui afuatwe hukohuko kwake!"

Makofi tena. Nikamtazama muuza mkaa, naye akanitazama. Hatukuwa tumesema hivyo. Lakini hakuna aliyekaa. Ungekaaje? Umesimama kwa ajili ya mwanao, ukikaa mbele ya watu utaonekana unamkana. Tukabaki wima kama chupa kwenye kreti, tunapigwa picha.

Jioni taarifa ya habari ikasema akina mama wa askari wameomba vita viongezwe. Tumeomba! Mimi hata chumvi naona haya kumwomba jirani.

Siku ya tatu mwanangu akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba yangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, tumekuona kwenye video. Umependeza."

Kisha akaanza kuniuliza habari za mvua. Mtoto wangu akizunguka mbuyu namjua, tangu mdogo.

"Sema."

"Tulikuwa tumeshafunga mabegi. Leo kamanda ametuonyesha ile video, akasema, haya, mama zenu wenyewe wamewaombea mbaki. Zamu imeongezwa. Tunavuka mto, tunaingia ndani kwa wenyewe."

"Sikusema hivyo mwanangu, haki ya Mungu!"

"Najua. Ila ulisimama."

"Walisema wenye watoto wasimame!"

Akacheka kidogo, kicheko cha kunihurumia. "Basi siku nyingine kaa, mama. Na zile soksi tumezipata, tumegawana. Tuma nyingine, huku ni tope tupu."

Nikaenda nje, nikaliingiza godoro ndani.

Haukupita muda tukaitwa tena, safari hii kuliaga kundi la pili. Vijana wenyewe walikuwepo, wamekaa safu za mbele, shingo zimenyolewa vizuri. Wengine ndevu bado. Nilikuja na mafuko mawili ya soksi, nikampa kila niliyemfikia. Wakasema ahsante mama, ahsante mama. Hao sina ugomvi nao, na atakayewatukana mbele yangu atanitambua.

Mheshimiwa akaanza wimbo wake uleule. "Mwenye mtoto kule asimame tumwone!"

Watu wakainuka. Mimi nikakaa. Redio akaja mbio, ananikanyaga vidole.

"Simama! Unatuaibisha!"

"Miguu inauma."

"Imeanza kuuma leo? Simama, kamera hiyo!"

"Simama wewe kwa niaba yangu. Au na wewe una pumu?"

Safu ya nyuma ikacheka. Mheshimiwa akasikia, akatabasamu lile tabasamu la kumkaribisha mgeni aliyekuja wakati wa chakula.

"Mama yangu, kwani wewe huwapendi vijana wetu?"

"Nawapenda, ndiyo maana nataka warudi. Wangu ulisema anakwenda kulinda barabara. Leo yuko ng'ambo ya mto anamtafuta nani? Mimi naongeza soksi. Wewe unaongeza watoto, tena wa wenzio. Wa kwako yuko safu ipi hapa, tumpigie makofi?"

 Mheshimiwa akajifanya kipaza sauti kimeharibika, anakigongagonga. Kilikuwa kizima.

Muuza mkaa akakaa. Basi, ni yeye tu. Wengine walibaki wima wakitazama viatu vyao, na siwalaumu, nilishawahi kuwa hapohapo. Kundi la pili likaondoka. Kwenye taarifa ya habari hatukuonyeshwa sisi wawili, ilionyeshwa mistari ya waliosimama. Redio amenifuta kwenye umoja wao. Mheshimiwa ameyahamisha mashati yake, na pasi yangu inamshukuru.

Mwanangu bado yuko ng'ambo ya mto. Akipiga simu ananiuliza, "Ulikaa?" Namjibu nilikaa. Godoro liko ndani, nimelifunika.

Naandika kwa sababu kundi la tatu linatajwa, na safari hii ni uvumi ambao siwezi kuuita uvumi. Watakuja na kwenu. Mama mwenzangu, jiepushe na haya:

Usisimame kabla hujaelezwa unasimamia nini.

Usiitikie swali ambalo lina jibu moja tu.

Usidanganyike na makofi. Hata mimi yalinikolea.

Usione haya kukaa katikati ya waliosimama.

Usimwamini anayekuhimiza umtoe mtoto wakati wa kwake ana pumu.

Usimpe mtu mwenye kamera picha ya mwanao, hata akikuita mama.

Usiwatukane vijana wanaokwenda. Hawakujipeleka.

Na usiache kutuma soksi kwa kuwakasirikia wakubwa. Miguu ni ya watoto.